Barbara Kimenye hakuwahubiria watoto, na ndo maana walimsoma

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, ana miaka 10, alikuja kukaa kwangu wiki 2 za likizo na kwenye begi lake kulikuwa na kitabu cha hadithi ambacho shuleni waliambiwa wakisome halafu warudi na ufupisho. Jioni baada ya kula akaniletea, "Mjomba nisomee wewe, mi nimechoka." Basi nikaanza kusoma, na ukurasa wa 3 tu mtoto wa kwenye hadithi ameshaambiwa na mama yake asiende mtoni na ameshaenda. Sijafunua ukurasa unaofuata yule binti akasema, sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesoma ratiba ya vipindi, "Ataumwa na nyoka au atazama, watamuokoa, atasema mama nisamehe sirudii tena." Nikamwambia subiri kwanza mjomba, tuone. Tukasubiri. Alikosea kitu kimoja, alikuwa mamba. Mengine yote yalienda vilevile alivyosema, na mwisho kabisa kulikuwa na kiboksi kimeandikwa umejifunza nini katika hadithi hii. Akachukua daftari, akaandika nimejifunza kuwatii wazazi, akafunga begi. Hakucheka popote, hakuogopa popote, hakuniuliza swali hata moja.

Usiku ule sikulala mapema, nilikuwa naliwaza hilo, na mtu aliyenijia kichwani ni Barbara Kimenye.

Najua wengi waliozaliwa miaka ya 90 kuja huku, hasa sisi upande wa Tanzania, hawalijui hilo jina. Ila mtafute mtu aliyesoma Nairobi au Kampala miaka ya 70 na 80, mtajie Moses tu, halafu mwangalie usoni. Mama Kimenye ndo aliyemleta Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni, kwenye sirizi ya vitabu vyembamba vilivyoanza kutolewa na Oxford University Press mwaka 1967, yeye na wenzake kina King Kong na Itchy Fingers. Maishani mwake huyu mama aliandika vitabu zaidi ya 50 na vikauzwa kopi zaidi ya milioni 1, na havikuishia Kenya, Uganda na Tanzania, vilienda mpaka nchi nyingine za Afrika zinazosoma kwa Kiingereza. Kwa mwandishi wa watoto wa ukanda wetu hiyo siyo namba ya kuipita hivihivi, maana huku kitabu cha watoto kikimaliza kopi elfu chache mwandishi anashukuru Mungu.

Mi nilikutana naye bwenini. Kitabu hakikuwa na jalada, kurasa za mwanzo zilishang'oka, kona zote zimekunjika na zimeshika mafuta ya taa, na tulikuwa tunakisoma kwa zamu usiku kwa tochi ndani ya shuka baada ya kengele ya kulala. Kulikuwa na sheria moja, ukicheka kwa sauti unanyang'anywa kinaenda kwa mwingine, kwa sababu ukicheka mwalimu wa zamu anasikia na tochi inaondoka na yeye. Mara ya kwanza kushika kile kitabu nilinyang'anywa kabla sijamaliza ukurasa wa 5. Nilijaribu kuuma mto, haikusaidia. Aliyekiandika simjui, jalada halipo, na kwa umri ule hata sikuwa nawaza kwamba kitabu kina mtu aliyekaa mahali akakiandika, nilijua tu kwamba kuna mtu anatujua sisi. Jina lake nililipata miaka mingi baadaye.

Maisha yake yenyewe ni stori. Alizaliwa mwaka 1929 Halifax, kaskazini mwa Uingereza, baba yake daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibiani, mama yake Myahudi aliyeingia Ukatoliki. Akakulia hukohuko, akaenda London kusomea unesi, na huko ndo akampata Bill Kimenye, mtoto wa chifu kutoka Bukoba, wakaoana, na katikati ya miaka ya 50 wakaja kuishi Bukoba, Tanganyika ikiwa bado ipo chini ya Mwingereza. Hapa huwa nasimama kidogo kila nikisimulia, kwa sababu watu wakimtaja Kimenye wanasema Uganda, Uganda, na ni sawa, mwenyewe alijihesabu mtu wa Uganda, lakini mlango aliouingilia Afrika ni wa kwetu. Kabla hajaijua Mengo, makao ya mfalme wa Buganda kule Kampala, alikaa na migomba ya Kihaya na mvua za ziwani. Na mtu anayezijua pande zile anajua kwamba Bukoba na Buganda siyo dunia mbili, ziwa ni moja, ndizi ni zilezile, lugha ni ndugu, mpaka uliopo katikati umechorwa na watu waliokuwa mbali. Kwa hiyo kijiji alichokuja kukiandika baadaye mi siamini kama alianza kukiona Kampala.

Ndoa haikudumu. Akachukua wanae wawili wa kiume wakahamia Kampala, na kule akakuta vijana aliowafahamu kule Uingereza wakiwa wanafunzi sasa ndo wanakuwa wakubwa wa nchi. Akaajiriwa kwenye serikali ya Kabaka, ndo mfalme wa Buganda, wakati ule Mutesa wa Pili, kama katibu, akaishi Mengo karibu na kasri lenyewe. Fikiria mtoto wa Halifax, chotara, mama anayelea peke yake, ameketi katikati ya ufalme wa Buganda anaandika barua za ofisi na macho yake yanaona kila kitu, nani anamwinamia nani, nani anamkopa nani, nani amevaa kanzu ya kuazima kwenye sherehe. Akaingia kwenye uandishi wa magazeti, mwaka 1965 akahamia Nairobi kuandika Daily Nation, katikati ya miaka ya 70 akarudi London na huko akawa karibu na Waganda waliokimbia utawala wa Amin, 1986 akarudi Uganda, baada ya miaka kama 3 akahamia Kenya, 1998 akarudi tena London na ndiko alikofia Agosti 2012, ana miaka 82. Mtu amehama hivyo maisha yake yote. Sisi tuna tabia ya kugawana waandishi kama mashamba ya urithi, huyu wetu huyu wao, sasa huyu mama ukitaka kumgawa utamkata vipande. Ni mwandishi wa ukanda mzima.

Sasa Moses. Shule anayosoma inaitwa, kwa Kiswahili, Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Ajili ya Watoto wa Kiume wa Waungwana wa Kiafrika. Lirudie hilo jina polepole. Halafu jua kwamba shule yenyewe imechoka, ni pa kupeleka watoto walioshindikana, ukifukuzwa kwingine kote unaishia kwa Mukibi. Mtoto wa darasa la 6 akisoma lile jina refu la kifahari halafu akaona majengo na chakula chenyewe, hahitaji mtu wa kumweleza kuna nini hapo, anaelewa mwenyewe kwamba watu wazima huwa wanaandika kibao kikubwa getini ili ndani kusiangaliwe sana. Sentensi moja, jina la shule tu, na ameshafundishwa kuangalia dunia. Na tukumbuke ni lini, 1967, nchi zetu zina miaka 4, 5, 6 ya uhuru, kila mzazi anauza ng'ombe au kahawa mtoto asome, elimu ndo imekuwa dini mpya, shule zinaota kila mahali na nyingine ni za watu wanaotafuta hela. Kuna mtu akaweza kuliona hilo na akawaambia watoto kwanza, kabla ya wakubwa, na akawaambia kwa namna ya kuwachekesha.

Halafu Moses mwenyewe siyo mtoto mbaya. Hili ndo jambo ambalo nadhani waandishi wetu wengi wamelikosa kabisa. Kwenye vitabu vyetu vingi vya watoto kuna aina mbili tu za mtoto, yule mwema, anaamka mapema, anafagia, anasalimia, na yule mtukutu, na yule mtukutu yupo pale kwa kazi moja, kuumia ili wengine waone. Moses hayupo kwenye kundi lolote kati ya hayo. Ana njaa, hana hela, anapenda rafiki zake, anaona akili zake zinatosha kutatua jambo ambalo kwa kweli linahitaji mtu mzima, na jambo linamlipukia mikononi. Mambo yanamharibikia kweli, sana, siyo kwamba Kimenye alikuwa anawaambia watoto fanyeni mnavyotaka. Ila yanaharibika kwa sababu mipango ya watoto ndivyo ilivyo, hayaharibiki kwa sababu kuna mwandishi amesimama nyuma ya pazia na fimbo. Mtoto anaijua hiyo tofauti vizuri kuliko sisi, si ndo maana binti wa dada yangu alimjua mamba kabla hajatokea.

Na kile anachokipa uzito ni kushikamana. Ukikaa bwenini ndo utaelewa. Chakula kinachogawanywa mara nne, siri inayokaa kifuani kwa wavulana sita wakati mwalimu anauliza nani amefanya hivi, yule mmoja mwoga ambaye mnajua kabisa atasema na bado mnamchukua, yule mwenye nguvu ambaye akili yake inachelewa lakini hatamwacha mtu nyuma. Haya Kimenye hakuyaweka kwenye kiboksi cha mwisho. Yapo kwenye mwendo wa hadithi, na mimi binafsi nikijiuliza kama kuna kitu nilijifunza kwenye kile kitabu kisicho na jalada basi ni hicho, sikujua kama nafundishwa, na angeniambia kwamba ananifundisha ningekiacha.

Kuna wanaosema alichukua tu hadithi za shule za bweni za Waingereza akazipaka rangi nyeusi. Nimelisikia hilo mara nyingi na sitalikataa lote. Alizaliwa kule, alikua na vile vitabu, umbo ni lile, wavulana, bweni, mwalimu mkuu, mipango ya usiku. Lakini angalia alichokifanya na hilo umbo. Kwenye zile za Waingereza shule ni kitu cha fahari, ina historia, ina wimbo, mtoto akivunja sheria anairudia heshima ya shule mwishoni na kila kitu kinakaa sawa. Kwa Mukibi hakuna heshima ya kurudia. Shule yenyewe ndo ya kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Amechukua nyumba ya watu akageuza madirisha yote yaangalie upande mwingine, na huko upande mwingine ndo sisi tulipo. Mtu wa kuiga tu hafanyi hivyo.

Lawama ambayo mi naona ina uzito ni wasichana. Dunia ya Moses ni ya wavulana, wasichana wapo kwa mbali, na miaka ile shule za bweni za wasichana zilikuwa zimejaa wasomaji wake waliokuwa wanasoma habari za wavulana kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Mwandishi mwanamke, mama aliyefanya kazi kwenye kasri na kwenye vyumba vya habari vilivyojaa wanaume, angeweza kutupa msichana mmoja mtundu wa kiwango cha Moses akiwa na sirizi yake mwenyewe. Aliwaandika wasichana kwenye vitabu vingine, lakini hakuna aliyefika pale. Ni pengo kubwa na mpaka leo sijaona aliyeliziba vizuri. Lawama ya lugha nayo ipo, kwamba aliandika Kiingereza tu, na kwa hiyo mtoto wa shule ya kawaida hakufikiwa. Hiyo mi simlaumu yeye, aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo. Najilaumu mimi na wenzangu tunaoandika Kiswahili kila siku na bado hatujamzaa Moses wetu.

Kabla ya Moses alikuwa ameshaandika Kalasanda, mwaka 1965, na Kalasanda Revisited mwaka 1966, hadithi fupi za kijiji kimoja cha Buganda, hizo za wakubwa. Ile ya mzee Pius Ndawula wengine mtakuwa mliisoma shuleni, mzee amekaa zake kijijini, ameshinda bahati nasibu ya mpira, kufumba na kufumbua ndugu wamejaa uani kutoka kila pembe ya ufalme, kila mmoja ana wazo zuri la namna ya kutumia hela, wanakula na hawaondoki. Nani hamjui huyo ndugu? Ipo familia hapa isiyokuwa naye? Waliokuwa wakichambua fasihi enzi zile waliona ni vitu vyepesi, kwamba nchi inawaka moto na yeye anaandika majirani na ndugu. Na kweli mwaka uleule wa 1966, mwezi Mei, jeshi la Obote, rais wa Uganda wakati ule, lilivamia kasri la Mengo, Kabaka akakimbia, akafia London 1969, na falme zikafutwa mwaka 1967. Ukisoma Kalasanda huyaoni hayo mawingu. Zamani hata mimi niliona ni udhaifu. Sasa hivi nikizisoma naona kitu kingine, naona mtu aliyekuwepo pale siku za mwisho kabla ya kuvunjika, akaandika watu walivyokuwa wanasalimiana, wanavyonuniana, wanavyooneana wivu kanisani, na baada ya miezi michache ule utaratibu wote ulioshikilia hayo maisha ukavunjwa kwa bunduki. Wanahistoria watakupa tarehe ya uvamizi. Mambo ya nani alikuwa anamnunia nani utayapata wapi?

Ni jicho lilelile aliloingia nalo kwa watoto, jicho la mwandishi wa safu ya gazeti, anayejua kwamba msomaji hajalazimishwa kumsoma. Mwandishi wa gazeti akichosha aya ya kwanza msomaji anafungua ukurasa wa michezo. Nadhani hiyo ndo siri yake kubwa, aliwaandikia watoto akijua wanaweza kuondoka.

Waandishi wetu wa vitabu vya watoto leo hawana hiyo hofu, na siyo kosa lao peke yao. Hebu tuulize nani ananunua kitabu cha mtoto. Mtoto hanunui. Ananunua mzazi, na mzazi anauliza kina maadili? Inanunua shule, na shule inauliza kimepitishwa? Huku kwetu ni ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, Kenya ni taasisi yao ya mitaala, KICD, na mchapishaji ana hesabu zake, kitabu kisichopita hakiingii shuleni, kisichoingia shuleni hakiuzi, kwa hiyo mwandishi anakaa mezani akiwa na picha ya watu wazima watano wa kamati kichwani kwake na mtoto hayupo kabisa ndani ya chumba. Sisemi kukagua vitabu ni kubaya, kuna takataka nyingi na mtoto anastahili kulindwa. Hata juhudi nzuri zimekuwepo, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991 ulisaidia kuvifikisha vitabu vya Kiswahili kwenye shule ambazo hazikuwahi kuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja, na kuna waandishi wazuri waliopitia mlangoni pale. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumwandikia anayelipa, na tumekizoea kile kiboksi cha mwisho mpaka tunadhani bila hicho hadithi haijaisha.

Na nikilisema hili huwa najibiwa kwamba hadithi zetu za asili zote zina mafunzo, huo ndo utamaduni wetu, hayo ya kumwacha mtoto acheke tu ni ya kizungu. Hapo ndo nabisha mpaka asubuhi. Tunaanzaje hadithi Waswahili? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hebu sikiliza hayo maneno. Umeitwa uongo waziwazi, umeitwa utamu ukolee, funzo halijaitwa. Bibi zetu walijua wanaita nini. Halafu mwangalie Sungura, mnyama tunayempenda kuliko wote kwenye hadithi zetu. Ni mwizi, ni mwongo, hafanyi kazi za pamoja, anamchezea Fisi kila siku, anamtukana Simba mwenye makucha yake, na mara nyingi anaondoka zake salama anacheka. Abunuwasi je? Ameazima sufuria ya jirani, akairudisha na kijisufuria ndani, akasema sufuria lako limezaa, jirani kwa tamaa akapokea. Mara ya pili akaazima tena, halafu akamwambia pole, limekufa. Jirani anapiga kelele sufuria linakufaje, anaambiwa ulipokubali limezaa mbona hukuuliza? Sufuria halikurudi. Hakuna mahali Abunuwasi anapiga magoti kuomba msamaha, na hakuna mtoto aliyetoka pale akaanza kuiba masufuria ya majirani. Alichotoka nacho ni akili iliyochangamka na jicho la kumtambua mtu mwenye tamaa.

Kwa hiyo Moses siyo mgeni kwetu. Moses ni mtoto wa ukoo wa Sungura na Abunuwasi amevaa kaptula ya shule. Mzaliwa wa Halifax aliiona hiyo njia akaifuata, sisi tuliozaliwa juu yake tumeiacha tukaenda kwenye kiboksi, na kama kuna kitu cha kigeni katika haya yote mi nadhani ni kile kiboksi, kile ndo kimetujia na masomo ya misheni na vitabu vya kiada vya mkoloni. Nalisema hili nikijua wapo watakaokasirika.

Nimewahi kuambiwa pia kwamba watoto wa sasa hivi wana simu na katuni, Moses hawamtaki, wakati wake umepita. Nikaona nijaribu badala ya kubishana. Nilikwenda kwa wauza vitabu vilivyotumika, wale wa kupanga chini kwenye turubai, nikatafuta karibu saa nzima kati ya vitabu vya hesabu na majarida ya zamani, nikapata Moses mmoja, jalada lipo kwa nusu, ndani kuna majina matatu ya watoto, kila jina limekatwa na la chini yake limeandikwa kwa kalamu nyingine. Usiku nikamsomea binti wa dada yangu, nasoma kwa macho Kiingereza, natoa kwa mdomo Kiswahili, nakwama hapa na pale, jina la Itchy Fingers nilihangaika nalo mpaka tukakubaliana tumwite Vidole Vinawasha na kuanzia hapo hakutaka nilitamke la Kiingereza tena.

Alianza kuniuliza maswali kwenye ukurasa wa 2. Hiyo shule ipo kweli? Wazazi wao wanajua? Kwa nini hawasemi wakienda likizo? Ukurasa wa 6 au wa 7 akanishika mkono nisifunue, akasema ngoja, akajaribu kukisia kitakachotokea kama alivyofanya kwenye kile cha mamba, akakosea. Akajaribu tena mbele, akakosea tena, na safari hii akapiga makofi. Siku ya tatu nilichelewa kurudi nikamkuta amekaa na kitabu mwenyewe, Kiingereza chake ni cha darasa la 4 la shule ya msingi, kidole kipo chini ya neno, anakwenda neno moja moja kama anavuka mto kwa mawe. Aliniambia amepata maneno 11 asiyoyajua na ameyaandika pembeni.

Tulipomaliza akaniomba ruhusa ufupisho wa shuleni auandike wa hiki badala ya kile. Nikamwambia andika. Akaandika wahusika, akaandika mahali, akaandika kurasa 2 na nusu za matukio, mwandiko unakimbia, halafu akafika kwenye ule mstari wa mwisho ambao mwalimu wao anautaka kila mara, nimejifunza nini, akasimama. Akaweka penseli mdomoni. Akarudi nyuma kusoma alichoandika. Akaniangalia, "Mjomba hapa niandike nini?"

Nikamwambia pachukulie muda. Hakuandika kitu usiku ule. Asubuhi wakati anafunga begi nikachungulia, mstari bado ulikuwa mtupu, na chini yake ameandika kwa herufi ndogo, swali la kwangu mimi siyo la mwalimu, cha pili kipo? Vipo vingi, na nimeanza kuvitafuta. Mpaka sasa nimepata viwili, kimoja hakina kurasa za mwanzo.